Nani Aliyeoka Keki ya Bi Mwanamvua

Sogeeni. Aliyesimama mlangoni aingie ndani, na mwenye njaa avumilie, maana hadithi hii ina keki ndani yake na mimi sina hata kipande cha kumpa mtu. Nikimaliza nitawauliza swali moja. Atakayejibu upesi upesi nitajua kwamba hakusikiliza.

Huko Kondoa, katika ua wa Bi Mwanamvua, waliishi wanawake watatu, na kila mmoja alikuwa na chake alichojaliwa.

Siwema alikuwa na mkono. Mpe bakuli, mayai na mchapo wa waya, akae kwenye kigoda chake, na mayai yale atayachapa mpaka yasimame yenyewe bila kushikwa. Alikuwa mjane wa Hamadi, mtoto wa pili wa Bi Mwanamvua. Hamadi alimwachia binti mmoja, Hidaya, ambaye meno yake ya mbele yalikuwa ndiyo kwanza yameng'oka.

Zamda alikuwa na pua. Angeweza kukaa uani akakwambia kwamba jirani wa nyumba ya nne ameunguza maharage, na ukienda kuuliza unakuta kweli. Watu walimtania kwamba pua ile ingefaa kuajiriwa polisi. Yeye alikuwa mke wa kitinda mimba wa Bi Mwanamvua, dereva wa lori, mtu wa kuonekana nyumbani kama mwezi.

Mwantumu alikuwa na moto. Makaa yaliyowashinda wengine, yeye aliyapanga kwa vidole vitupu, akayapuliza mara moja, nayo yakamtii. Ulimi wake pia ulikuwa wa moto, kwa hiyo mjihadhari naye. Huyu hakuwa mkaza mwana. Alikuwa binti wa kuzaa wa Bi Mwanamvua, aliyekuwa amerudi kwao baada ya kupewa talaka.

Sasa sikilizeni desturi ya nyumba ile, kwa sababu bila hiyo hakuna hadithi. Kila Idi ya kumaliza Ramadhani, baada ya sala, mtaa mzima huja uani kula keki ya Bi Mwanamvua. Marehemu mumewe ndiye aliyeweka sharti: aliyeoka keki hupewa kisu mbele ya watu, na kabla hajakata husema neno moja. Neno hilo, maadamu si haramu na liko ndani ya uwezo wa mwenye nyumba, halikataliwi. Wenyewe waliliita neno la kisu. Ni neno moja, la mtu mmoja, mpaka Idi ya mwaka mwingine.

Miaka yote Bi Mwanamvua alioka mwenyewe, akashika kisu mwenyewe, na kwa kuwa mwenye nyumba ni yeye huyo huyo, neno lake lilikuwa "Kuleni." Watu wakacheka, wakala. Lakini mwaka huo maradhi yalikuwa yameulegeza mkono wake wa kulia, hata kikombe cha uji alikishika kwa shida.

"Mwaka huu nani ataoka?" aliuliza, Ramadhani ilipokaribia ukingoni.

"Mimi, mama," alisema Siwema, hata kabla swali halijatua.

Kila mtu uani alijua kwa nini. Rajabu, mtoto wa kwanza wa Bi Mwanamvua, alikuwa anakuja kula Idi kutoka Arusha na gari lake, na siku hiyo hiyo ya Idi angeondoka na Hidaya. Bi Mwanamvua alikuwa ameshakata shauri. Mtoto wa marehemu ni wa ukoo, Arusha kuna shule nzuri, na mke wa Rajabu hakujaliwa mtoto. Rajabu mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Angempenda Hidaya na kumvisha vizuri. Siwema alikuwa amelia, amepiga magoti, amewatuma wazee wakaseme kwa niaba yake. Wote walirudi na jibu moja: "Nimeshasema." Na Bi Mwanamvua akisema nimeshasema, hata ukileta kadhi ni kazi bure. Mlango pekee uliobaki wazi ulikuwa ule wa kisu.

Basi ikafika siku ambayo mwezi ulitarajiwa kuandama jioni. Mchana, baada ya adhuhuri, Siwema aliteka maji, akatawadha, akasema bismillahi, akaanza kupasua mayai.

Hapa niwaambie mambo mawili kuhusu nyumba ile. La kwanza: humo hakuna kopo lililobeba kilichoandikwa juu yake. Kopo la maziwa lilikuwa na misumari, la biskuti lilikuwa na nyuzi na vifungo, na la majani ya chai lilikuwa na mbegu za maboga. Bi Mwanamvua hakuwahi kutupa kopo tangu alipoolewa. La pili: mwezi wa Ramadhani hakuna aliyeonja kitu mchana. Sheikhe wa msikiti wao aliwahi kuwaambia kwamba mpishi aliyefunga anaweza kuonja kwa ncha ya ulimi akatema. Bi Mwanamvua alimsikiliza kwa adabu, akamshukuru, akarudi nyumbani, na sheria ikabaki ile ile. Chumvi ya futari ilikadiriwa kwa jicho, na ikizidi, mtu alikula na kumshukuru Mungu.

"Bekingi pauda nikanunue, mama?" Siwema alikuwa ameuliza asubuhi.

"Ya nini kununua? Ipo kwenye kopo lake, juu ya kabati."

Siwema alilitoa kopo. Ndani mlikuwa na unga mweupe, laini. Akapima, akachekecha pamoja na unga wa ngano, akamimina kwenye mayai yaliyokuwa yamesimama kama alivyotaka, akaongeza samli na iliki. Alikoroga polepole, kwa mkono wa mtu anayebembeleza. Trei lilikuwa limepakwa mafuta. Lilikuwa trei kubwa la bati, lililotengenezwa na fundi kwa kazi hiyo tu, pana kiasi cha kulalia mtoto. Upande wa pili wa ua Mwantumu alikuwa ameshauivisha moto wake.

"Leta, wifi. Makaa hayakusubiri wewe."

Siwema akainua bakuli.

"Dada Siwema, ngoja kidogo." Alikuwa Zamda, aliyekaa kwenye mkeka akimenya iliki. "Husikii harufu?"

"Harufu ya nini?"

"Kama ya mlenda."

Mwantumu alicheka. "Saumu imemkolea huyu. Anasikia mlenda kwenye keki!"

Siwema aliinama, akanusa. Alisikia samli na iliki tu. Akanusa tena. Aliifahamu pua ya Zamda, lakini pia aliufahamu moto wa makaa na jinsi usivyosubiri mtu. Mayai yaliyobaki hayakufika nusu ya yale aliyokwisha kuyapasua.

"Mimina, mwanangu," alisema Bi Mwanamvua kutoka kibarazani. "Harufu ya njaa hiyo."

"Dada, usimimine," alisema Zamda. Aliinuka, akasogea mpaka kwenye bakuli, akasimama hapo kama mtu aliyefika ukingoni mwa mto na hajui kuogelea. Siwema alimwona akitazama mlango wa ua, kisha akimtazama mama mkwe. Kisha Zamda akachovya kidole, akakitia mdomoni, akameza.

Wote waligeuka kumtazama. Hata jirani aliyekuja kuazima chekecheke alisimama nalo mkononi.

"Ni magadi," alisema Zamda. "Ni magadi ya mlenda, si bekingi pauda."

Lakini hakuna aliyelishughulikia neno magadi. Wote walikuwa wamemwona akimeza.

"Zamda," alisema Bi Mwanamvua polepole. "Umefungua mchana, mbele yangu?"

"Sikufunga, mama."

"Uko kwenye siku zako?"

"Hapana, mama."

Zamda aliweka kiganja chini ya kitovu, akainamisha uso, na machozi yakaanza kumdondoka. Siwema alielewa papo hapo, na moyo wake ukamuuma kwa ajili ya mwenzake. Zamda alikuwa ameharibikiwa mimba mara mbili katika nyumba ile, na mara zote mbili habari zilikuwa zimeshazunguka mtaani kabla tumbo halijaonekana. Mama yake mzazi alikuwa amemwonya: safari hii usimwambie mtu mpaka mtoto acheze. Kwa hiyo aliamka daku pamoja na wenzake, akashinda nao jikoni, akafuturu nao, na mchana alitafuna tende gizani chumbani mwake. Siri aliyoilinda mwezi mzima, akaitoa hadharani kwa kidole kimoja cha unga.

"Mungu amlinde," alisema Bi Mwanamvua, na sauti yake ililainika. Kisha ikarudi kuwa ile ile. "Utajifungulia hapa hapa. Wajukuu wangu wote huzaliwa katika ua huu."

Zamda aliinua uso, na Siwema aliona hofu ndani yake. Zamda alitamani jambo moja tu: aende kwao Haubi kwa mama yake, alale, apumzike, asinyanyue ndoo wala kinu, mpaka mtoto atoke salama. Mara mbili aliomba ruhusa kama hiyo, mara mbili akanyimwa, na mara mbili akazika kitambaa kisicho na mtoto. Msije mkasema baadaye kwamba sikuwaambia.

Bi Mwanamvua aliomba apelekewe kopo. Akachungulia, akasugua ule unga kati ya vidole vyake vya kushoto.

"Ni mimi," alisema. "Niliyasaga mwaka jana nikayatia humu. Nimesahau."

Maneno hayo hayakuzoeleka kinywani mwake, na mtu asiyemjua hawezi kufahamu yalivyomgharimu. Lakini hayakurudisha mayai. Mtu alitumwa madukani, akarudi mikono mitupu. Mji mzima ulikuwa unaoka, bekingi pauda ilikuwa imekwisha tangu juzi.

"Basi," alisema Bi Mwanamvua. "Mwaka huu tutawapa watu kaimati. Keki haiwezi kuumuka kwa dua. Kisu kikae ndani."

Siwema alikaa kwenye kigoda. Kupitia mlango wa sebuleni aliliona begi jipya, jekundu, alilokuja nalo Rajabu. Hidaya alikuwa akifungua na kufunga zipu yake, akifurahia sauti. Siwema alitaka kulia, akaona kwamba akianza hatanyamaza. Akayatazama mayai yaliyobaki, akautazama unga.

"Isipoumuka, nitaijenga," alisema.

"Utaijenga vipi?" aliuliza Mwantumu.

"Chapati ya maji haina bekingi pauda, na inaiva. Nitamwaga tabaka jembamba, liive. Juu yake jingine, liive. Na jingine. Mpaka ifike kimo cha keki."

"Umemwona nani akifanya hivyo?"

"Sijamwona mtu."

Alipasua mayai yote yaliyobaki. Ute aliutenga na viini, akauchapa peke yake, maana sasa upepo wote wa keki ile ungetoka kwenye mkono wake na si mahali pengine. Alichapa mpaka bega likawaka moto. Midomo ilikuwa imemkauka kwa saumu, macho yalimwona mtu mmoja kama wawili, na bado alichapa. Alipoligeuza bakuli juu chini, ute haukudondoka. Akachanganya, akachota upawa mmoja, akautandaza kwenye trei, mwembamba kama kitambaa.

Mwantumu alikuwa amesimama, mikono kiunoni. "Wifi, unajua unachoniomba? Tabaka la chini limeshaiva, kwa hiyo moto wa chini hautakiwi tena. Utatakiwa wa juu peke yake, kwenye bati la kufunikia. Nilifunue kila tabaka, nilirudishe, na chembe ya jivu isidondoke."

"Najua."

"Makaa ya juu hayakai. Yanaliwa na upepo."

"Najua, wifi. Nisaidie."

Hawa wawili, tangu Mwantumu arudi, hawakuwa wakiongea zaidi ya salamu. Mwantumu akapinda kanga yake, akachutama mbele ya jiko.

Wakaanza. Siwema anamwaga, Mwantumu anafunika na kupalia makaa juu ya bati. Zamda alikaa karibu, macho amefumba, na ndiye aliyejua wakati. "Bado," husema. "Bado." Kisha: "Toa!" Na bati likifunuliwa, tabaka linakutwa limegeuka rangi ya asali, sawasawa, bila kuungua. Siwema anamwaga jingine. Adhana ya alasiri iliwakuta hivyo, wakasali kwa zamu.

Keki ilikuwa imefika nusu ya kimo chake mvua iliponyesha. Ilikuja ghafla, kutoka upande wa mlimani, na kabla mtu hajasimama, gunia la mkaa lililoegemezwa ukutani lilikuwa limelowa chepechepe. Waliliburuta jiko mpaka kibarazani. Makaa yaliyokuwa juu ya bati yalianza kuvaa jivu. Majirani wakaulizwa, kila mmoja alikuwa na kikapu chake cha mwisho cha mkaa na keki yake mwenyewe. Kuni za uani zilikuwa mbichi, za kutoa moshi tu, na moshi ukiingia kwenye keki hautoki.

"Ikipoa sasa imekufa," alisema Siwema. "Tabaka la juu bado bichi."

Aliuona wekundu ukififia kwenye kaa moja, kisha jingine, na kila lililofifia lilimchukulia mtoto wake hatua moja kuelekea kwenye gari.

Mwantumu aliinuka, akaingia stoo. Wakasikia shoka. Likalia tena na tena, kwa hasira, na alipotoka alikuwa amekumbatia mguu wa kitanda uliopasuliwa vipande. Ulikuwa wa mninga, uliochongwa maua.

"Wifi," alisema Siwema. "Si kitanda chako cha arusi hicho?"

"Ni kuni."

Kitanda kile kilirudi naye siku aliyoachwa, kikiwa kimefunguliwa mbao mbao, na hakukiunganisha tena. Alikuwa akilala kwenye mkeka. Alisema kitanda kile kitasimama siku atakaporudi kwa Salehe, aliyekuwa mumewe, maana waliachana kwa hasira ya neno moja, na Salehe alikuwa amejuta na kutuma watu. Lakini eda ilikuwa imekwisha. Kumrudia sasa ni ndoa mpya, ndoa mpya inataka walii wa kumwoza, walii huyo ni kaka yake, Rajabu, na Rajabu hafungi hata kamba za viatu bila mama yake kuridhia. Bi Mwanamvua alikuwa ameshawafungia mlango wazee wa Salehe. Alisema binti yake si chungu cha kuazimwa na kurudishwa.

Mninga uliwaka taratibu, ukatoa makaa mazito, mekundu, yanayokaa. Mwantumu aliyapanga juu ya bati kwa vidole vyake, na kimoja kiliungua mpaka ngozi ikabanduka, hakukiondoa. Alirudi stoo mara ya pili, na ya tatu. Machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Moshi," alisema, Zamda alipomtazama. Na mninga ule haukuwa na moshi hata kidogo.

Bi Mwanamvua aliyaona yote hayo kutoka kwenye mkeka wake. Alikuwa akivuta tasbihi.

Magharibi ilipoingia walifungua saumu wamesimama, tende mkono mmoja, upawa mkono mwingine. Kisha sauti ikapanda kutoka msikitini, ya kwanza, ya pili, mtaa mzima ukaipokea: Allahu akbar, Allahu akbar. Mwezi umeandama. Tabaka la mwisho lilikuwa chini ya bati. Zamda alisema, "Toa," wakalifunua, na wanawake wale watatu wakasimama wakiitazama keki bila kuamini kwamba ipo.

Asubuhi ya Idi ua ulijaa. Watoto walikuwa na nguo mpya zilizokakamaa, wanaume wamerudi kutoka kuswali, kanzu zinanukia udi. Keki ilikuwa mezani, imenyunyiziwa sukari ya unga, na ubavuni mwake yalionekana matabaka yake yote, moja juu ya jingine, mistari ya kahawia na ya njano. Watu waliinama kuyatazama, wakiguna kwa kustaajabu. Nje ya ua gari la Rajabu lilikuwa limeshageuzwa, limeelekea barabarani. Begi jekundu lilikuwa ndani yake.

Bi Mwanamvua alisimama, kisu mkono wa kushoto.

"Nani aliyeoka?" aliuliza.

Lilikuwa swali la desturi, la kujibiwa mara moja. Siwema alifungua kinywa. Lakini Mwantumu alimtangulia.

"Mama, sema kweli mbele ya watu. Umeona nilichokitia motoni. Unga uliokorogwa si keki. Bila moto ule, hapa mezani pangekuwa na uji."

"Na mimi, mama," alisema Zamda. Hakuwa mtu wa kusema mbele ya watu, na alizungumza akitazama ardhi. "Bila mimi mngewalisha wageni magadi. Na kila tabaka nililiita mimi. Nilichokitoa, kila mtu mtaani sasa anacho mdomoni."

"Kazi aliiomba Siwema," alisema mtu mmoja kutoka nyuma. "Na fikra ya matabaka ni yake. Yeye ndiye mwenye keki."

Maneno yakawa mengi. Wengine wakasema wapewe wote watatu, kila mtu aseme lake. Bi Mwanamvua akagonga meza kwa mpini wa kisu.

"Neno la kisu ni moja," alisema. "Marehemu aliliweka moja, na sitalivunja kwa kuwa yeye hayupo wa kunikataza. Tena nasema wazi: mimi ndiye niliyetia magadi koponi, kwa hiyo sistahili kuhukumu."

Akamgeukia Siwema, akamkabidhi kisu.

"Wewe ulikuwepo tangu yai la kwanza mpaka kaa la mwisho. Na tangu uingie nyumba hii hujanidanganya. Kwa haki ya siku ya leo, taja jina la aliyeoka. Utakayemtaja atasema neno lake, na mimi nitalitimiza hata likinichoma. Ukitaja majina mawili, au ukinyamaza, kisu kinarudi kwangu, na maneno yangu yote mnayajua."

Siwema alikishika kile kisu. Kilikuwa chepesi kuliko alivyofikiri. Alimwona Zamda, kiganja chini ya kitovu. Alimwona Mwantumu, kidole kimefungwa kitambaa, akitazama pembeni kwa kiburi ili mtu asimwone akiomba. Kisha akamwona Hidaya, amevaa gauni jipya la safari, amesimama karibu na Rajabu. Hakuna aliyemweleza mtoto yule kitu. Alimtabasamia mama yake kwa pengo lake na kumpungia mkono.

Akijitaja mwenyewe, hatakuwa amesema uongo. Mkono ulikuwa wake, fikra ilikuwa yake, na hakuna mtu hapo ambaye angethubutu kumwita mwizi. Lakini je, atakuwa ameamua kwa sababu ya keki, au kwa sababu ya mtoto? Na akimtaja Zamda, huenda mtoto ambaye hajazaliwa akaishi, na aliyezaliwa akaondoka. Akimtaja Mwantumu, atakuwa amelipa kitanda kilichoungua kwa ajili ya shida ambayo haikuwa ya Mwantumu. Wawili hao waliingia kazini bila kuahidiwa kitu. Mmoja alitoa siri, mmoja alitoa tumaini, na wote wawili walijua fika kwamba kisu kilikuwa kikitafutwa na Siwema.

Mimi hadithi yangu imefika hapo, na siisogezi mbele hata mkinibembeleza. Najua wengine wenu mmeshaanza kupima nani ana shida kubwa kuliko mwenzake. Lakini Bi Mwanamvua hakuuliza hivyo. Aliuliza nani ameoka. Na anayetaka kuniambia kwamba hayo ni maswali mawili tofauti, anieleze kwanza ni lipi kati ya hayo mawili angelijibu yeye, akiwa ameshika kisu na mwanawe anampungia mkono.

Haya, semeni. Watu wanangoja, gari limewashwa, na kesho wanawake wale watatu wataamka katika ua ule ule, wachote maji kwenye pipa moja. Kama wewe ungekuwa Siwema, ungelitaja jina la nani? Na wale wawili ambao hukuwataja, ungewaamkia vipi asubuhi?